Tulipima kwanza, ndipo tukachimba: uzoefu wa kijiji chetu, Ikungi

Kisima chetu cha kwanza kilichimbwa bila kupima kwanza kama chini ya ardhi kuna maji. Mtambo ulisimamishwa jirani na shule kwa kuwa ndipo palipokuwa karibu na watu, ukatoboa mita 95, ukatoa vumbi tupu. Mchimbaji alilipwa kwa mita, maji yasipatikane. Mchango wa misimu miwili ya alizeti ukaishia mle. Mimi ndiye katibu wa kamati ya maji, niliyepita nyumba kwa nyumba kukusanya, na siku ile nilishindwa kuwatazama akina mama usoni.

Safari ya pili tulikataa mtambo usije kabla ya vipimo. Tulilipa shilingi 900,000. Wakaja wapimaji wawili na kifaa cha ukubwa wa betri ya gari, mabunda ya nyaya na vyuma vinne. Vyuma viwili vya nje vinapitisha umeme ardhini, viwili vya kati vinasoma. Vya nje vikisogezwa mbali zaidi, umeme unazama chini zaidi. Mwamba mkavu wa matale unaukataa umeme, husoma maelfu ya omu-mita, kipimo cha jinsi ardhi inavyouzuia umeme. Uliooza au wenye nyufa zilizojaa maji husoma chini sana ya hapo. Ilikuwa Oktoba, ardhi ngumu kama tofali, namba zinarukaruka. Tukachanganya chumvi na maji kwenye dumu, tukawa tunamwagia kila chuma pale kinapoingia ardhini mpaka kifaa kitulie. Nilibeba dumu lile tangu asubuhi hadi saa kumi jioni.

Mzee mmoja alikuwa ameutaja mkuyu wa bondeni tangu mwanzo. Wapimaji walimsikiliza, wakapima na huko, na hatua kama hamsini kutoka kwenye shina ndipo walipopigilia kigingi cha pa kuchimba. Nawaheshimu sana kwa hilo.

Jambo lililonishangaza: waliiacha sehemu iliyosoma namba ndogo kuliko zote walizopima. Mfinyanzi na maji ya chumvi navyo hupitisha umeme vizuri, wakasema pale ni mfinyanzi tu. Kwa hiyo ukimpata mpimaji anayekimbilia namba ndogo bila kukueleza, mwulize maswali.

Maji tuliyapata mita 47. Yalivutwa kwa pampu saa 24 mfululizo, yakatoa lita 2,800 kwa saa.

Kipimo hiki hakikuambii kama maji yanafaa kunywa. Kwetu Singida floraidi, madini ya majini yanayoharibu meno na mifupa yakizidi, ni tatizo la siku nyingi, na Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Pelekeni sampuli maabara kabla ya kununua pampu. Yetu ilisoma 1.2.

Lawama yangu ni moja: ripoti ililetwa bila michoro, tukaidai mara tatu. Sasa iko kabatini ofisi ya kijiji, na kitongoji cha juu, wanaotaka kuchimba chao mwakani, nimeshawapa nakala.