Dereva wa Nyali asoma habari za dereva wa Delhi

Kitabu nilikinunua shilingi 250 kwa kijana anayetandaza vitabu vya mtumba chini, Digo Road, Mombasa, karibu na Posta. Jalada limeshikwa na gundi, na msomaji aliyenitangulia amepita na penseli ukingoni. Ni The White Tiger ya Aravind Adiga wa India, iliyotoka 2008 na mwaka huohuo ikashinda tuzo ya Booker. Nilikichukua kwa sababu moja tu: nyuma pameandikwa kwamba mhusika ni dereva. Mimi nimeendesha magari ya watu Nyali miaka kumi na tisa.

Balram ni mtoto wa mvuta riksho. Anapata udereva kwa Ashok, mtoto wa mwenye ardhi za kijiji chao, aliyerudi kutoka Marekani. Wanahamia Gurgaon, kando ya Delhi, kwenye maghorofa na maduka ya vioo, naye analala chini kabisa ya jengo pamoja na mende. Baadaye anamuua tajiri yake kwa chupa iliyovunjika, anabeba begi la pesa za hongo na kwenda Bangalore kufungua biashara ya teksi. Sijamharibia mtu uhondo, maana mwenyewe anakiri mapema, katika barua anazomwandikia waziri mkuu wa China.

Mgala muue na haki yake umpe. Unyonge wa dereva mwandishi ameuweza. Ndugu yake Ashok anaangusha sarafu ya rupia moja garini, na Balram anapigishwa magoti kuitafuta. Watu haohao hongo wanapeleka kwa mabegi! Balram anachomoa rupia yake mfukoni, anaiangusha, kisha anajifanya kaiokota. Hapo ukingoni penseli imeandika: kweli tupu.

Mimi yangu haikuwa sarafu. Siku moja nilingoja nje ya duka moja kubwa la Nyali tangu saa nne asubuhi hadi saa tisa, vioo chini, kwa sababu kiyoyozi kinakula mafuta. Mama alipotoka na mifuko yake akaniuliza, "Baba Salim, umekula?" Nikajibu, "Nimekula, mama." Wala sikuwa nimetia kitu mdomoni tangu alfajiri. Nadhani sikutaka kumharibia ile furaha yake ya kuuliza. Balram naye hajui kama anampenda tajiri huku akijifanya kumchukia, au kinyume chake. Kurasa hizo nilizisoma mara mbili.

Mambo ya kijijini ndiyo yaliyonikera. Bara yote maskini ameiita Giza. Sawa, lakini giza hilo halina mtu wa kuchekesha wala chungu chenye harufu nzuri, na bibi wa Balram kazi yake ni kudai mshahara wa mjukuu. Mimi mtu wa Kinango, maji tuliyafuata mbali. Nyanya yangu pia alizihesabu pesa zangu. Halafu akanipikia. (Kule Mikindani kuna mtaa wa mabanda unaoitwa Bangladesh. Sidhani walioupa jina waliwahi kufika Dhaka. Umaskini wa mwenzako ni rahisi kuufanya jina.)

Halafu kuna tundu la kuku. Balram anasema watumishi ni kama kuku sokoni: wanaona wenzao wakichinjwa na hawatoroki, kwa kuwa anayetoroka familia yake itaangamizwa. Tundu langu mimi lilikuwa advansi. Kila tarehe 15 nilikuwa mlangoni kwa tajiri, karo, dawa, mabati, hata mshahara wa mwezi wa tatu nikawa nimeshaula tangu wa kwanza. Hakuna aliyenitisha. Nilikuwa na deni, na mwenye deni haachi kazi.

Kwenye mauaji penseli imeandika: hapa mwongo. Mimi sisemi mwongo, nasema amekata njia. Madereva wa Gurgaon wanachuchumaa wakisoma gazeti la mauaji siku nzima, na hakuna hata mmoja anayeuliza habari ya mishahara. Babu yangu mzaa mama alikuwa kuli Kilindini, na alikuwemo kwenye mgomo wa Januari 1947. Alitusimulia kwamba hata maboi wa majumbani waliacha pasi za makaa zikapoa. Katika riwaya hii hakuna anayeacha pasi. Ni kisu au tundu, basi. Labda Adiga, aliyesoma Columbia na Oxford, aliwaona madereva akiwa kiti cha nyuma.

Filamu yake ya 2021 niliitazama kwenye simu ya mwanangu. Adarsh Gourav, anayecheza Balram, ana uso wa kazi ile hasa: mdomo unacheka, macho yako kwenye kioo.

Kiingereza chake si kigumu, na kina mzaha mwingi. Pesa yangu haikupotea. Nilimwazima kijana aliyeshika nafasi yangu kwa tajiri, akawa anakisoma garini akingoja. Kimerudi baada ya wiki, gundi imeachia kabisa, na chini ya ile "kweli tupu" ameongeza kwa kalamu ya buluu: yangu ilikuwa ya shilingi ishirini.