Saiba ya Mwembe Tayari: pa kwenda ukiwa na kesi ya zamani

Natoa nyota nne kwa kijisaiba (duka la intaneti na kuchapa karatasi) kilicho upande wa nyuma wa Mwembe Tayari, Mombasa, juu ya duka la vitambaa, ngazi za mbao. Kibao chake kimefifia hata jina halisomeki. Nyota ya tano nimeizuia kwa sababu ya joto: feni ni moja tu na imegeuziwa mwenye duka.

Tulikwenda kwa ajili ya cheti cha tabia njema cha mdogo wangu. Yeye ni dereva wa trela. Kampuni moja ya makontena kule Changamwe ilimjaribu barabarani ikaridhika, zikabaki karatasi: leseni, PIN ya KRA (nambari ya mlipa kodi), na hicho cheti cha DCI, idara ya polisi ya upelelezi wa jinai, cha kuonyesha kama una rekodi ya makosa. Kufika hapo kijana akawa mkimya. Mwaka 2012 polisi walimzoa pamoja na wenzake barazani Majengo, wakashtakiwa kwa bangi, wakachukuliwa alama za vidole. Mashahidi hawakutokea, upande wa mashtaka ukaiondoa kesi kwa kifungu cha 87(a) cha sheria ya mwenendo wa kesi za jinai, akarudi nyumbani tukala pilau. Sote tukajua yamekwisha. Kumbe vidole vilikuwa vimeshakwenda Nairobi, na hapakuwa na mtu aliyevifuata huko kusema kesi imeondolewa.

Kabla ya kupanda ngazi zile tulikuwa tumekutana na bwana mmoja ambaye ofisi yake ni simu na koti. Huyo alitaka shilingi 15,000 "aifute kwenye mfumo". Jamani, wa namna hii wamejaa mjini, na wanakula kwa wenye hofu.

Binti wa saiba alianza na swali ambalo sijasikia likiulizwa kwingine. Alimsogelea mdogo wangu, akapunguza sauti: "Kaka, umewahi kuchukuliwa alama za vidole kituoni? Sikuulizi kama ulifungwa. Alama tu." Alipojibiwa ndiyo, akaifunga kompyuta. Akakataa kumfungulia ombi siku hiyo. Alisema ada ya serikali ni shilingi 1,050, ukishailipa ni yao, na kama faili bado linaonyesha kesi iko wazi, utakuwa umelipia kujianika mwenyewe. Aende kwanza mahakamani, kwenye masjala, akatafute nambari ya kesi, apate nakala ya uamuzi iliyothibitishwa kwa muhuri, iwafikie DCI ili rekodi isahihishwe. Cheti baadaye.

Angeweza kuchukua pesa zetu akanyamaza. Ndiyo maana naandika.

Alitueleza pia kwamba DCI hawatafuti jina peke yake, wanalinganisha vidole. Kwa hiyo wale wanaoshauriwa wabadilishe jina kwenye kitambulisho wanapoteza nauli. Na akaunti ya eCitizen, ule mtandao wa huduma za serikali, alimfungulia kwa nambari ya simu ya mdogo wangu mwenyewe, kisha akageuza uso pembeni wakati wa kuandika nywila. Nawajua watu waliofunguliwa akaunti kwa nambari ya broka, na sasa kila wakitaka karatasi ya serikali lazima wampigie simu wakimbembeleza.

Kwenye benchi palikuwa na mzee mmoja, zamani alikuwa bawabu, anataka kurudi kwenye kazi ya ulinzi. Yake ilikuwa nzito kuliko yetu: alikiri kosa mahakamani miaka hiyo, akalipa faini. Aliuliza kama haijapitwa na wakati. Binti hakumdanganya. Hapa Kenya mtu mzima akishatiwa hatiani, hakuna sheria ya jumla inayosema baada ya miaka kadhaa hukumu inahesabiwa imekwisha, kama ile waliyonayo Uingereza tangu 1974. Tena Sheria ya Ajira ya 2007 inamkataza mwajiri kukubagua kwa dini, kabila, jinsia, ulemavu na mengine, lakini rekodi ya jinai haimo katika orodha hiyo. Kuna msamaha wa rais kwa kifungu cha 133 cha Katiba, lakini huo si wa kungoja ukiwa na kodi ya nyumba mwisho wa mwezi. Alimwandikia barua ya ukurasa mmoja, kosa limetajwa waziwazi pamoja na mwaka, na kazi alizofanya tangu hapo, akamwambia aiambatanishe na risiti ya faini na aitoe yeye kabla hajaulizwa. Mie ningekuwa mwajiri ningemwita mtu huyo kumsikiliza. Sijui ni wangapi watakaofanya hivyo.

Masjala ilichukua muda mrefu. Faili lilikuwa la karatasi na la zamani, na nafasi ya Changamwe ikapewa mtu mwingine tukiwa bado tunafuatilia. Hilo si kosa la saiba. Mdogo wangu aliporudi na mambo yamenyooka, ombi lenyewe lilikuwa jepesi: ankara nakala mbili, na fomu ya C24, ile ya alama za vidole, ambayo lazima ichapwe mbele na nyuma kwenye karatasi moja, maana ukienda na karatasi mbili unarudishwa. Vidole tulipigia Huduma Centre, kituo cha huduma za serikali, jengo la Posta barabara ya Digo, foleni ikaenda vizuri. Cheti kikapakuliwa kwenye akaunti yake, kisafi, na sasa anaendesha lori la saruji la kampuni nyingine.

Malalamiko ninayo. Nakala hapa ni shilingi 10 wakati jirani anatoza 5, na ukimkuta kijana wa zamu ya jioni badala ya binti, anajaza fomu tu bila kuuliza lolote. Nendeni asubuhi. Ijumaa wanafunga mapema kwa swala, wakirudi ni saa nane na nusu. Kazi ya kuomba cheti ni shilingi 200 juu ya ile ada ya serikali, barua ni 150. Ushauri hakututoza.