Squier Stratocaster au Epiphone Les Paul: lipi liwe gitaa lako la kwanza?

Squier ni chapa ya Fender na Epiphone ni ya Gibson, kwa hiyo yote mawili ni matoleo ya bei nafuu ya magitaa maarufu ya umeme. Tofauti utaisikia kwanza vidoleni. Kwenye Les Paul urefu wa nyuzi ni milimita 628 hivi, kwenye Strat 648, ndiyo maana nyuzi za Les Paul hulegea kidogo na ni rahisi kuzibonyeza. Lakini Strat kwa kawaida ni jepesi zaidi, limechongwa likukae vizuri kifuani, na swichi yake ya nafasi 5, inayochagua pikapu (vinasa sauti vya sumaku vilivyo chini ya nyuzi), inatoa sauti safi inayopenya. Kwa solo za rumba na dansi, mimi nalichagua hili bila kusita. Kasoro yake ni mvumo: pikapu za koili moja hunasa kelele za umeme, hasa karibu na taa za tyubu. Za Les Paul zina koili mbili zinazofuta mvumo huo, na kwa roki nzito hazina mbadala.

Amplifaya ya wati 10 hadi 20 inatosha kabisa chumbani, mradi iwe na tundu la hedifoni. Hela itakayobaki nunua tyuna (kifaa cha kulinganisha sauti za nyuzi), waya wa kuunganisha gitaa na amplifaya, na nyuzi nyembamba za saizi 9 (uzi mwembamba kabisa una unene wa inchi 0.009).