Kibanda umiza cha Mbuyuni, Moshi: uchambuzi wa trela

Kwenye kibanda hiki cha kuoneshea video, kabla ya filamu ya usiku, trela (kionjo cha filamu) huoneshwa mara 2: kwanza mfululizo, kisha inasimamishwa kipande kwa kipande huku mchambuzi akiuliza nani kapigwa picha toka chini aonekane mkubwa, bendera iko nyuma ya nani. Uhondo wote uko hapo. Ila kwake kila mwenge ni Uhuru wa 1961, kila shati jekundu mapinduzi (hata la muuza duka!). Trela ni dakika 2 na nusu hivi, imekatwa iuze tiketi. Maneno ya huyu hubandikwa kwenye uso wa yule, na vipande vingine havimo kabisa kwenye filamu. Angeanza kwa kusikiliza sauti tupu, angevinasa viraka. Kaa kushoto, spika ya kulia inakoroma.