Kupima homosisteini Dodoma: maabara ya kwanza 24, ya pili 17

Nina kisukari, na dawa ya metformini nimeimeza miaka minane sasa. Mwaka jana nyayo zilianza kufa ganzi. Kandambili inanivuka njiani wala sina habari, mpaka nikanyage changarawe. Daktari akasema metformini ya muda mrefu inaweza kupunguza vitamini B12 mwilini, akaandika vipimo viwili: B12 na homosisteini. Hicho cha pili sikuwahi kukisikia. Kumbe homosisteini mwili huitengeneza wenyewe kutokana na protini tunayokula, na B12, B6 na foliki asidi ndizo zinazoiondoa. Zikipungua, inarundikana kwenye damu, na watu walio nayo nyingi hupatwa zaidi na kiharusi na damu kuganda mishipani.

Nikaenda maabara moja ya mjini asubuhi, sijala tangu saa mbili usiku. Kijana aliyenitoa damu alikuwa na adabu, "Shikamoo mama, kunja ngumi," akachoma mara moja tu. Lakini kile kichupa chenye kifuniko cha zambarau alikichomeka kwenye kibao mezani, karibu na dirisha, Novemba ya Dodoma mvua hazijaanza! Nilikaa nikisubiri majibu ya sukari mpaka karibu saa sita, kichupa kipo palepale, jina langu nalisoma kutoka kwenye benchi.

Majibu yakaja 24. Kawaida ni kati ya 5 na 15. Usiku ule sikulala, namuwaza marehemu kaka yangu aliyeondoka kwa kiharusi.

Daktari hakushtushwa na namba, aliuliza damu ilikaaje. Nilipomsimulia akasema nirudie kwingine. Damu ikishatoka, chembe nyekundu zinaendelea kutoa homosisteini humohumo kichupani, na kwenye joto la chumba inaweza kupanda kama asilimia 10 kila saa. Inatakiwa iwekwe kwenye barafu papo hapo, kisha izungushwe kwenye mashine ili plazma, yaani yale maji ya damu yasiyo na chembe, itenganishwe ndani ya saa moja.

Kwa hiyo maabara ya pili niliuliza kabla sijakunja mkono wa gauni. Dada wa pale akanifunulia kasha la barafu, akanionyesha na mashine. Ilikuwa inanguruma bado nimebana pamba mkononi. Plazma peke yake ndiyo waliyopeleka Dar es Salaam, nikasubiri siku sita. Nililipa mara ya pili kutoka mfukoni, iliniuma, ila ndiyo pesa iliyofanya kazi: 17, na B12 iko chini.

Jirani yangu alinihimiza ninunue foliki asidi tu dukani. Msifanye hivyo jamani. Foliki peke yake inaweza kurekebisha damu ikaonekana nzuri huku ukosefu wa B12 unaendelea kuharibu mishipa ya fahamu. Nilichomwa sindano za B12, na baada ya miezi mitatu nikapima palepale: 11. Ganzi imebaki kwenye vidole vya mguu wa kushoto.

Asiye na dalili wala sababu kama yangu simshauri akilipie kipimo hiki. Daktari aliniambia wazi kwamba kushusha homosisteini kwa vitamini hakujathibitika kuzuia mshtuko wa moyo.

Yule kijana wa kwanza nilimrudia nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akaandika kwenye daftari lake.