Square du Vert-Galant, Paris: kabustani kadogo ila usikapite

Jamani mkifika Paris msiishie kupiga picha juu ya daraja la Pont Neuf mkasepa. Pale katikati ya daraja kuna sanamu ya mfalme Henri IV kapanda farasi (ya kwanza iliangushwa wakati wa mapinduzi 1792, hii ya sasa ni ya 1818), watu wanajipiga selfi wanaondoka, kumbe nyuma ya farasi kuna ngazi za mawe zinashuka bustanini. Mimi mwenyewe nililipita hilo daraja mara tatu, nikaja kushtuka nilipoona mama mmoja na kikapu chake anapotelea pale nyuma kama anaingia handaki.

Ukifika chini kelele za magari zinapungua ghafla. Bustani iko kama mita 7 chini ya mitaa ya leo, huo ndo ulikuwa usawa wa zamani wa kisiwa cha Île de la Cité ambacho bustani iko nchani mwake, na mbele imechongoka kabisa kama omo ya jahazi, sasa ukikaa pale nchani mikono miwili ya mto Seine inakutana mbele ya miguu yako, kulia jumba la makumbusho la Louvre, mbele daraja la Pont des Arts, na kuna ule mti wa matawi ya kuning'inia yanakuchezea kichwani ukikaa vibaya. Kiingilio hamna, bure kabisa. Vert-Galant ni jina la utani la huyohuyo Henri, mzee aliyependa wanawake hadi uzeeni, na kwa jinsi wapenzi walivyojaa pale jioni naona bustani inamtendea haki.

Ila si yote raha. Kuna kibao cha Jacques de Molay, mkuu wa Watempla (wale mashujaa-watawa wa Kikristo wa enzi za kati) aliyechomwa moto hapo 1314, unataka kusoma kwa utulivu huku boti za watalii zinapita na spika zinabwata lugha nne. Moja ilipita karibu sana, wimbi likapanda mawe likanilowesha kiatu na nusu ya mkate wangu. Mwenye magoti mabovu au kiti cha magurudumu, zile ngazi ni mtihani. Na mto ukijaa sana bustani inazama, Januari 2018 maji yaliifunika, kwa hiyo kama mvua imepiga siku kadhaa chungulieni kwanza toka darajani.

Nyota nne. Ya tano imebaki na kiatu changu. Nendeni asubuhi, jioni nafasi ya kukaa pale nchani mnagombania.