Kisanduku cha michezo ya kusikiliza: unacholipia ni kadi

Kisanduku hiki kinalenga wakufunzi wa vyama na vikundi, na hapa Kisumu kinafaa ukijua cha kutumia na cha kuacha. Ndani mna kadi 24 za michoro, vitambaa 6 vya kufunga macho, saa ya mchanga ya dakika 3 na kijitabu. Vitambaa ni vya nailoni, vinateleza; leso iliyokunjwa hufunga vizuri zaidi. Saa haionekani na aliyeketi nyuma. Tumia simu.

Kadi ndizo zenye thamani, hasa kwa mchezo wa mgongo kwa mgongo. Wawili wanaketi wakipeana mgongo, mmoja na kadi, mwenzake na fulskepu na kalamu. Mwenye kadi anaeleza, mwenzake anachora bila kuuliza. Dakika 3 zikiisha wachukue kadi nyingine, safari hii maswali ruksa. Weka michoro yote miwili mezani na hutahitaji hotuba. Kinachoharibu ni kutaja kitu kwa jina. Mtu akiambiwa "chora nyumba" huchora aliyoizoea, mabati juu na mlango katikati, na hapo sikio limeshalala. Kwa hiyo ondoa kadi za mtumbwi na jogoo, ubaki na za maumbo matupu: pembetatu juu ya duara, mstari unaokata kona. (Jogoo ni nembo ya KANU, chama kilichotawala Kenya zamani; palipo na wazee, huleta siasa kabla ya chai.)

Kwenye mnong'ono wa kupokezana, ujumbe ukipita sikio hadi sikio, kijitabu kimekosea. Kinaruhusu mstari wa watu 30. Ujumbe haujafika katikati, wa mwisho wameshatoa simu. Panga mistari miwili ya watu 8 hadi 10, ujumbe uleule. Sentensi zake nazo ni fupi mno, zinapita salama. Tunga inayofanana na ya chama: "Mkutano wa Alhamisi umehamishwa kutoka Kondele hadi Kibuye, saa nane mchana, kila mtu aje na shilingi 350 na nakala ya kitambulisho." Kila mmoja aandike alichosikia kabla ya kukipitisha, ndipo utaona ulipovunjika. Angalia hiyo "saa nane": anayeigeuza kwa Kiingereza kichwani hupata "two", kisha anamnong'onezea jirani "saa mbili".

Mchezo wa watu watatu umepewa nusu ukurasa tu, na ndio ungestahili kurasa nne. Msemaji ana dakika 2. Msikilizaji anarudia kwa maneno yake mpaka msemaji akubali, "ndivyo". Mtazamaji anapiga kijiti kwenye karatasi kila msikilizaji anapokatiza au kutoa ushauri. Ushauri ndio unaojaza karatasi.

Kama ukumbi ni wa mabati na ni msimu wa mvua, mnong'ono ufanyike asubuhi. Mvua ya alasiri ikianza, umebaki na michezo ya kuchora.